Kifuniko cha chupa ya pampu: uzito ubebwe na mabega ya chupa

Pole sana dada. Umeuliza jinsi ya kubuni kifuniko cha kukinga pampu ya chupa zako za losheni; losheni kumwagika ndani ya boksi kabla haijafika Mbeya inauma. Kwa ulivyoeleza, pampu ni nzima, ila mizigo ya juu inaibonyeza njiani.

Kifuniko unachobuni kisiguse kichwa cha pampu hata kidogo. Acha nafasi ya milimita 3 hivi juu, na ukingo wa chini ukae kwenye mabega ya chupa (sehemu inayopanuka chini ya shingo), ndiyo yabebe uzito. Pima kwa kalipa (kipimo chenye taya mbili zinazobana kitu), siyo rula, na upana upime hadi ncha ya mdomo wa pampu. Wengi husahau hapo. Ukikuta saizi ya shingo imeandikwa 28/410, hiyo 28 ni kipenyo cha nje cha shingo penye meno, kwa milimita.

Ila moldi, yaani umbo la kumiminia plastiki ya kifuniko, ni ghali. Jaribu kwanza kibanio cha plastiki kinachopachikwa chini ya kichwa kisishuke. Usijaze chupa hadi juu pia: losheni hutanuka ikipata joto njiani. Kujua kama inavuja, laza chupa juu ya tishu usiku kucha, asubuhi utaona penye unyevu.

Kama ni kemikali inayoweza kumdhuru mtoto, kifuniko hiki hakitoshi. Muone mtaalamu wa vifungashio.