Jibu: Wakazi wanawezaje kuchangia maktaba ya umma?

Ndugu, umeuliza kama kikundi cha wakazi kinaweza kuichangishia fedha maktaba ya umma bila kugongana na kaunti inayoimiliki. Kinaweza, ila makubaliano ya maandishi yatangulie mchango. Jijini Nairobi, shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, lilipatana kwanza na serikali ya kaunti kuhusu Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara. Ukarabati ulianzia kwenye matawi hayo madogo, uamuzi ninaouona wa busara, kwa kuwa wafadhili huona matokeo mapema.

Kuhusu harambee, fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, na risiti iandikwe hata kwa shilingi hamsini. Mauzo ya vitabu vilivyotumika yana mtego wake: katika mauzo yetu ya kwanza, masanduku ya vitabu vya msaada na ya vitabu vilivyorejeshwa na wasomaji yaliwekwa kwenye meza moja, kitabu chenye muhuri wa maktaba kikauzwa, nasi tukalazimika kumkimbilia mnunuzi hadi kituo cha matatu. Siku hizi mkutubi hukagua kila kitabu kabla ya bei kubandikwa. Hadithi za watoto za Jumamosi haziingizi fedha nyingi, lakini huleta wazazi, na kwetu hao ndio waliojitolea kupanga rafu.