Jibu: Kwa nini chuo kinachunguza badala ya polisi?

Mkuu, umeuliza kwa nini vyuo vya Marekani vinawachunguza vyenyewe wanamichezo wanaotuhumiwa kubaka, badala ya kuwaachia polisi. Jibu ni kwamba njia zote mbili zipo, na moja haizuii nyingine. Sheria ya Title IX ya mwaka 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu, inakibana chuo kinachopokea fedha za serikali kuu: kikijua kuna unyanyasaji wa kingono hakiruhusiwi kukaa kimya, hata kama mlalamikaji hataki kwenda polisi. Polisi wanashughulika na jinai. Chuo kinaamua mtu abaki, asimamishwe au afukuzwe, tena kwa kiwango cha ushahidi cha chini kuliko cha mahakama ya jinai.

Hiyo ni kwenye makaratasi. Sasa angalia Chuo Kikuu cha Baylor, kule Texas. Mwaka 2016 mawakili walioajiriwa na chuo chenyewe waligundua kwamba watu wa timu ya futiboli (ile yao ya kofia ngumu, si soka) walikuwa wakikutana na walalamikaji wenyewe na kufanya uchunguzi wao wa kienyeji, taarifa haipelekwi panapohusika. Kocha Art Briles akaondolewa, na Ken Starr, yuleyule aliyemchunguza Rais Bill Clinton, akavuliwa urais wa chuo.

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ndiyo ilinishangaza. Mwaka 2021 ilisema kutoripoti tuhuma zile, pamoja na ubaya wake, hakukuvunja kanuni zake. Faini ya dola 5,000 ilitolewa kwa makosa mengine kabisa.