Kabla hujachomwa sindano ya testosteroni, rudi maabara asubuhi

Mwaka juzi nilikuwa nachoka hovyo, hamu ya tendo imekata, ndevu nilizokuwa nanyoa kila siku mbili zikawa zinakaa wiki. Nikaenda kupima testosteroni, yaani homoni ya kiume, saa tisa mchana, nimetoka kula ubwabwa, jibu likaja 190 (nanogramu kwa desilita ya damu), na palepale nikaambiwa tuanze sindano. Nilikuwa naogopa aibu kuliko ugonjwa, nikakaribia kukubali. Bahati kaka yangu akanipeleka kwa daktari wa homoni.

Yule alivyoona tu saa niliyopimwa, karatasi akaiweka pembeni. Testosteroni inakuwa juu asubuhi halafu inashuka, na chakula nacho kinaishusha, kwa hiyo damu inatolewa kabla ya saa nne asubuhi hujala kitu, na inarudiwa siku nyingine. Wengi wanatumia mpaka wa 300, chini ya hapo ndo wanasema imepungua, ila kuna maabara zinaandika kwa nanomoli kwa lita na hapo 300 inasomeka 10.4, watu wanaiona 12 yao wanakosa usingizi bure.

Aliniuliza kama asubuhi uume unasimama wenyewe, natumia dawa gani, niliwahi kuugua matubwitubwi? Hapo nikakumbuka, nikiwa fomu tuu mashavu yalivimba, siku chache baadaye korodani nazo zikavimba, nikanyamaza. Akatoa kamba ina shanga za umbo la yai, ndogo mpaka kubwa, kila moja ina namba ya mililita, mkono mmoja shanga mwingine korodani, analinganisha taratibu. Zangu ziliangukia 8, mwanaume mzima kwa kawaida ni 15 kwenda juu.

Asubuhi mbili nikapata 231 na 224, pamoja na LH na FSH, yaani homoni ambazo tezi ya pituitari kichwani inatuma kuziamrisha korodani. Zangu zilikuwa juu sana, maana yake amri zinafika ila korodani haziwezi kazi. Zingekuwa chini tatizo lingekuwa kichwani, na hapo wanapima prolaktini, homoni nyingine ya tezi hiyohiyo, pengine na MRI, yaani picha ya kichwa.

Jamani ndugu zangu, ukichomwa kwanza, sindano yenyewe inaishusha LH na daktari hawezi tena kujua tatizo lilianzia wapi. Na kama bado unataka mtoto sema mapema, kwa sababu testosteroni ya sindano inazima utengenezaji wa mbegu. Mimi nilipima mbegu kwanza, mke wangu yupo pembeni, ndo tukaanza kuongelea dawa.