Je, kuwahi kupiga ndiyo dawa ya ugaidi?

SWALI: Mhariri, serikali ikijua magaidi wanapanga shambulio, si bora jeshi liwawahi?

JIBU: Inategemea inajua nini hasa. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inatambua haki ya kujilinda nchi ikishambuliwa. Wanaotetea kuwahi hushika kigezo cha kisa cha 1837 cha Caroline, meli ya Marekani iliyochomwa na Waingereza: hatari iwe ya papo hapo, isiyoacha njia nyingine wala muda wa kutafakari. "Huenda siku moja" haimo.

Kinachoponza zaidi ni taarifa mbovu. Agosti 1998 Marekani ililipua kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum, ikikihusisha na silaha za kemikali. Ushahidi wake ulitiliwa shaka sana. Iraki nayo ilivamiwa Machi 2003, na silaha za maangamizi zilizodaiwa hazikupatikana.

RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilichunguza makundi ya kigaidi yaliyokoma kati ya 1968 na 2006: asilimia 43 yaliingia kwenye siasa, 40 yalivunjwa na polisi na ujasusi, 7 tu na jeshi.

Jeshi hufaa kundi likishikilia ardhi na kambi. Watu wanne waliojificha katika chumba cha kupanga? Hao ni wa mpelelezi na hakimu, si wa rubani.