Kikosi changu kinafia ghorofa ya kwanza

SWALI: Kaka, kila ukiandika unazisifia gemu za zamani, basi nimeanza Wizardry, ile ya kwanza ya 1981, gemu ya kompyuta ya kuongoza kikosi ndani ya shimo lenye ghorofa za chini kwa chini. Kikosi changu kinafia ghorofa ya kwanza kila nikishuka. Nikitumia ramani ya mtu mwingine nitaharibu utamu? Na nikiimaliza, niende moja kwa moja ya nne, inayosifika kwa ugumu?

JIBU: Ndugu yangu, acha kutembea kwanza. Kaa karibu na ngazi, pigana pambano moja, panda juu. Mchawi wako anaanza na nafasi mbili tu za kutamka maneno yake ya uchawi. Zote zipe KATINO, linalowalaza maadui kwa mkupuo, wapiganaji wawamalize usingizini. HALITO linaunguza mmoja tu. Ukipanda mjini, lala kwenye zizi la nyumba ya wageni. Hakuna malipo, majeraha hayaponi, lakini nguvu za uchawi zinarudi. Kasisi awatibu wenzake kwa DIOS, alale tena, kisha mshuke. Inachosha, najua. Baada ya leveli chache utaona tofauti kubwa.

Ramani ya mtu usiiguse. Hapo sitanii hata kidogo. Ghorofa ni 10, kila moja miraba 20 kwa 20, na kuta ni mistari mitupu, ujia huu na ule huwezi kuvitofautisha. Andrew Greenberg na Robert Woodhead waliweka humo giza, na miraba inayokugeuza bila kukuambia. Unachora kwenye karatasi ya miraba, ghafla ukuta ulio mbele yako unakataa kukaa kwenye mchoro. Unarudi nyuma mraba kwa mraba, unatamka DUMAPIC likuambie ulipo na unakotazama, mpaka unaunasa ule mraba uliokugeuza. Gemu yenyewe ni hiyo! Aliyepewa ramani hajaicheza. Tena mbele kuna MALOR, linalohamisha kikosi kizima kwa hesabu ya miraba. Ukikosea mkatua ndani ya mwamba, wote wamekwenda.

Vifo vinaandikwa kwenye diski papo hapo. Maiti zinabaki chini, na unaweza kuunda kikosi kingine kikazifuate. Kwenye hekalu la mjini, wanakofufua wafu, ufufuo ukishindikana mtu anakuwa majivu. Ukishindikana tena, hayupo milele. Mimi naipenda sheria hiyo kwa dhati, maana ndiyo inayofanya kila mlango ufunguliwe kwa kufikiri.

Ya nne, ya 1987, iache kwa sasa. Humo wewe ndiye Werdna, adui wa ile ya kwanza, na unaanzia kwenye chumba ambacho mlango wake hauonekani. Ilitengenezwa kwa wazoefu. Nenda ya pili, ya 1982. Kwenye kompyuta ya Apple II inachezwa na wahusika waliohamishwa kutoka ya kwanza, kwa hiyo kikosi kitakachomwangusha Werdna usikifute.