Kumsafirisha mbwa nje ya nchi: mikrochipu itangulie chanjo

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninaishi Mbeya na mwakani familia yetu itahamia Ujerumani pamoja na mbwa wetu. Alichanjwa kichaa cha mbwa mwezi Machi na kadi ninayo, ila mikrochipu, yaani kile kidude chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, aliwekewa Juni. Je, nyaraka hizi zinatosha?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba. Hazitoshi, na ni heri umeuliza mapema. Umoja wa Ulaya hauitambui chanjo iliyotangulia mikrochipu, kwa kuwa kadi iliyoandikwa "Simba, dume, kahawia" inaweza kuwa ya mbwa yeyote mtaani, ilhali namba ya tarakimu 15 ya mikrochipu ni ya mnyama mmoja tu. Itabidi achanjwe upya.

Siku hiyo mwombe daktari wa mifugo ampitishie kwanza kisomaji cha mikrochipu, aandike namba inayoonekana pale pale, kisha abandike kwenye kadi lebo ya kichupa cha chanjo yenye jina na namba ya toleo. Tarehe ya kuchanja, tarehe ya mwisho wa kinga, sahihi na muhuri visikosekane. Tarakimu moja ikikosewa, mbwa anaweza kuzuiwa uwanja wa ndege, na ningependa sana jambo hilo lisiwakute.

Kwa kuwa Tanzania haimo katika orodha ya nchi zilizosamehewa kipimo cha damu cha kuangalia kinga dhidi ya kichaa cha mbwa, sampuli itachukuliwa zikishapita siku 30 tangu chanjo na kupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo. Majibu yakionyesha kinga ya angalau uniti 0.5 kwa mililita, mtasubiri miezi mitatu kuanzia tarehe ya kutolewa damu, si tarehe ya majibu. Kwa hiyo, tengeni miezi minne na ushei.

Cheti cha afya cha daktari wa serikali ndicho cha mwisho. Mnatakiwa kuingia Ulaya ndani ya siku 10 tangu kitolewe, basi msikichukue mapema mno, mkikumbuka kwamba kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni takriban kilomita 800. Nyaraka halisi zikae kwenye mkoba wa mkononi, nakala zikae kwenye simu.

Chanjo ya marudio nayo itolewe kabla kinga haijaisha, kwa sababu ikichelewa hata siku moja, kipimo cha damu kitarudiwa na miezi mitatu itaanza kuhesabiwa upya.