Watoto wetu wanajua kunyambua: tuwafundishe Kiingereza kwa njia hiyohiyo

Kila Januari shule za sekondari za serikali hapa Dar es Salaam hupokea watoto waliosoma sayansi, hisabati na maarifa ya jamii kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Baada ya muda mfupi wanakabidhiwa vitabu vya baiolojia, jiografia na kemia ambavyo kila ukurasa una maneno wasiyowahi kuyasikia Mbagala, Manzese wala Gongo la Mboto: microorganism, hydrosphere, insoluble, irreversible. Mtoto aliyekuwa akiongoza darasa la saba anakaa kimya kama vile hana akili. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na ukimya huo unaniuma. Ninachoandika hapa ni njia ninayoitumia darasani kuuvunja. Nawaandikia walimu wenzangu, na wazazi ambao jioni wanakaa na madaftari ya watoto mezani.

Njia iliyozoeleka ni orodha. Mwalimu anaandika ubaoni maneno kumi na maana zake, watoto wanayakopi kwenye kaunta buku, kesho wanaulizwa. Wenye kumbukumbu nzuri wanapata kumi kwa kumi, kisha neno linalofuata likija na mkia tofauti kidogo hawalitambui. Aliyekariri move hajui immovable, aliyekariri solve hana la kusema mbele ya insoluble. Maneno ya kitabu kimoja tu cha kidato cha pili ni mengi kuliko yanayoweza kukaririwa kwa mtindo huo, na masomo yako zaidi ya saba.

Sasa chukua neno la Kiswahili, wasiofundishika. Mtoto wa kidato cha kwanza hahitaji kamusi kulielewa, hata kama hajawahi kulisikia. Anasikia wa- ya watu wengi, -si- ya kukanusha, -o- rejeshi, mzizi -fund-, -ish- ya kusababisha, -ik- ya kutendeka, na irabu ya mwisho. Vipande saba, na amevichambua kabla konda hajamaliza kuita kituo. Somo la Kiswahili linampa hata majina ya vitu hivyo: kiambishi awali, mzizi, kiambishi tamati, mnyambuliko. Hapo hapo ubaoni, chini ya wasiofundishika, naandika unteachable. Darasa linanyamaza kidogo, halafu mikono inaanza kunyooka.

Huo ndio ushauri ninaouweka mbele ya mingine yote: mwalimu wa Kiingereza akae na mwalimu wa Kiswahili. Waulizane mada ya mnyambuliko inafundishwa lini, wiki hiyo na Kiingereza kifundishwe kwa vipande. Nimeona shule ambako walimu hawa wawili wanakaa meza jirani ofisini mwaka mzima na hawajawahi kuzungumza juu ya kazi yao ya pamoja. Na mabango ya kuwakataza watoto kusema Kiswahili eneo la shule siyaungi mkono, hasa kwenye kipindi kama hiki, kwa sababu Kiswahili ndicho kinachowaonyesha kwamba wanaweza.

Ulinganifu wenyewe ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kauli ya kutendeka inakaribiana sana na -able: kitabu kinachosomeka ni readable, kikombe kinachovunjika ni breakable, maji yanayonyweka ni drinkable. Kauli ya kusababisha ina wenzake kadhaa. Tunasema safi tukapata safisha, rahisi tukapata rahisisha, fupi tukapata fupisha. Kiingereza kinasema purify, simplify na shorten. Hiyo -fy imetokana na kitenzi cha Kilatini cha kufanya, kwa hiyo purify ni kufanya kitu kiwe safi. U- ya uvivu na udhaifu hufanya kazi ya -ness ya laziness na weakness. M- ya msomaji na mpishi iko kwenye mkia wa reader.

Kuna mmoja ninaupenda kuliko yote, kauli ya kutendua. Tuna funga na fungua, kunja na kunjua, funika na funua. Kiingereza kina lock na unlock, fold na unfold, cover na uncover. Watoto wengi wameambiwa kwamba un- maana yake ni „si“, basi. Ni kweli kwa unfair na unhappy, ambako inakaa mbele ya kivumishi. Ikikaa mbele ya kitenzi, mara nyingi inarudisha tendo nyuma, kama ile -ua yetu. Mtoto akishaona kwamba kuna un- mbili, hachanganyi tena unlocked na not locked kwenye sentensi ya kwamba mlinzi ameufungua mlango. Hapa natumia kipindi kizima bila kujuta.

Baadaye wanauliza, na ni swali zuri: kwa nini tunasema incorrect, lakini impossible, illegal na irregular? Walimu wengi hujibu kwamba ndivyo Kiingereza kilivyo, mkariri. Jibu liko midomoni mwa watoto wenyewe. Tunasema nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya, na refu inakuwa ndefu. Kwenye ndefu r ndiyo iliyogeuka d baada ya n-, na kwenye mbaya ni ile n- iliyobadilika kwa sababu ya sauti inayoifuata. Mbele ya b inageuka m kwa kuwa midomo tayari inajifunga. In- nayo mbele ya p, b na m inageuka im-: impossible, imbalance, immovable. Mbele ya l inakuwa il-, mbele ya r inakuwa ir-. Ni kiambishi kimoja chenye nguo nne, nao wanaacha kukariri vinne.

Pana tofauti ambazo lazima zisemwe wazi. Kitenzi cha Kiingereza hakibebi nafsi ya mtenda mbele yake, kwa hiyo mtoto asitafute ni- wala tu- ndani ya neno. Pia kwenye maneno mengi ya kitaalamu mpangilio umegeuzwa. Sisi tunasema kipimajoto, kipimo kwanza na joto baadaye. Thermometer inaanza na joto na kumalizia na kipimo. Usanisinuru ina nuru mwishoni, photosynthesis ina nuru mwanzoni. Ndiyo maana nawafundisha kuanzia nyuma: mkia unakwambia ni kitu cha aina gani, kichwa kinakwambia cha nini.

Kuhusu pa kuanzia, usitundike manila yenye viambishi mia ukutani. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani White, Sowell na Yanagihara walionyesha kwamba viambishi awali vinne tu, yaani un-, re-, in- pamoja na sura zake, na dis-, vilibeba asilimia 58 ya maneno yenye viambishi awali katika vitabu vya shule walivyovipima. Na viambishi 20 vilibeba asilimia 97. Vitabu vile ni vya Wamarekani, lakini nikifungua vya kwetu nakuta hali inayofanana. Kwa hiyo naanza na hivyo vinne na mikia michache: -er, -ness, -able, -tion, -less. Baada ya hapo sichagui mwenyewe. Nakwenda kwa walimu wa baiolojia, jiografia na kemia na kuwauliza mada zao zijazo, nachukua mizizi kutoka humo.

Mzizi hydro, wenye maana ya maji, unatosha kuonyesha faida yake. Kwenye jiografia kuna hydrosphere. Kwenye kemia kuna hydrogen, jina lenye maana ya kinachozaa maji, kwa sababu gesi hiyo ikiungua inatoa maji. Kuna na hydrolysis, kuvunjwa kwa msaada wa maji. Kisha nauliza umeme unaotoka Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, unaitwaje kwa Kiingereza. Wanaanza na hydro wenyewe. Kipande -cide, chenye maana ya kuua, nacho kinazunguka masomo yote: insecticide na herbicide kwenye kilimo, genocide kwenye historia. Mtoto aliyezoea kuona masomo kama vyumba vilivyofungwa anaanza kuona milango.

Jiji lenyewe linafundisha ukiliruhusu. Kazi ya nyumbani ninayoipenda ni kuleta neno moja lililosomwa barabarani, likiwa limekatwa vipande. Anayeishi karibu na bandari huleta import, export na transit, maana malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapita mbele yake kila siku, na kila mtu anajua magari ya IT, yaani in transit, ni yale yanayopita njia tu. Port ya import na export inatokana na kubeba: im- kuingiza, ex- kutoa. Hiyo im- si ile ya impossible. Hii ina maana ya ndani, na hapo nasimama nieleze. Aliyepita Ubungo ameona interchange. Aliyempeleka mgonjwa Muhimbili ameona Orthopaedic kwenye jina la Taasisi ya Mifupa.

Neno hilo ni zuri kwa sababu linafundisha na kikomo cha njia hii. Ortho ni nyoofu, paed ni mtoto. Daktari Mfaransa Nicolas Andry ndiye aliyelitumia kwenye kitabu chake cha mwaka 1741 kuhusu kunyoosha viungo vya watoto. Leo mzee wa miaka 70 aliyevunjika nyonga anatibiwa huko, na jina halijabadilika. Vipande vinakupa njia ya kufikia maana, lakini matumizi ya watu ndiyo yanayoamua. Isitoshe, paed hiyo ya Kigiriki, ambayo Wamarekani huiandika ped, inafanana na ped ya Kilatini yenye maana ya mguu, iliyomo kwenye pedal na pedestrian. Mwanafunzi anayedhani paediatrics ni tiba ya miguu amefikiri vizuri, nami humpongeza kabla ya kumsahihisha.

Mitego mingine ifundishwe mapema. Uncle hana un-, na reach haina re-. Nawapa jaribio jepesi la kuanzia: funika kiambishi kwa kidole, uone kama kinachobaki kina maana inayohusiana na neno zima. Jaribio hilo halitoshi kwa maneno kama receive, lakini kwa kidato cha kwanza linawalinda. Invaluable maana yake ni ya thamani kubwa mno. Inflammable ndiyo ya hatari kuliko yote, kwa sababu maana yake ni kinachoshika moto upesi, kutoka kitenzi cha Kilatini cha kuwasha. Hili silisubiri lijitokeze kwenye kitabu. Wanafunzi wangu wanalijua kabla ya kwenda maabara.

Kwa hiyo utaratibu ni kukisia, kisha kuthibitisha. Mtoto anakata neno, anaandika anachodhani, anasoma sentensi nzima aone kama maana inakaa, halafu anafungua kamusi. Kwenye kaunta buku kila kipande kina ukurasa wake, na ukurasa unaendelea kujazwa hadi mwisho wa mwaka. Kila neno linaloingia liwe na sentensi ya mwanafunzi mwenyewe. Bila sentensi, hata njia hii inageuka kukariri. Katika jaribio la wiki naweka maneno ambayo sijawafundisha, yaliyoundwa kwa vipande wanavyovijua, na natoa alama kwa namna alivyokata hata kama maana haikufika sawasawa.

Wazazi, hamhitaji kujua Kiingereza kingi ili kusaidia. Sabuni iliyoandikwa antiseptic, chupa iliyoandikwa disinfectant, boksi la dawa lililoandikwa antibiotic, vyote vimo ndani ya nyumba. Muulize mtoto: umelikata wapi hili, na kipande hiki umekiona wapi kwingine? Akieleza kwa Kiswahili, mwache aeleze kwa Kiswahili.

Jambo la mwisho ni sauti, na wengi hulisahau. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, kwa hiyo mtoto wetu hutamka photograph, photography na photographic kwa pigo lilelile, asieleweke, au yeye mwenyewe asilitambue neno analolijua kwenye maandishi. Kwenye photograph mkazo uko silabi ya kwanza, kwenye photography ya pili, kwenye photographic ya tatu. Viambishi -ic, -ity na -tion kwa kawaida huvuta mkazo hadi kwenye silabi inayovitangulia: democratic, electricity, competition. Siku ninapofundisha kiambishi chochote kati ya hivyo, nafundisha na mkazo wake. Darasa zima linatamka kwa kupiga meza kwenye silabi yenye mkazo, kwanza taratibu, kisha kwa kasi ya mazungumzo, halafu kila mmoja anamtamkia jirani yake neno moja kutoka kwenye kaunta buku lake naye jirani anaonyesha kwa vidole ni silabi ya ngapi.